Ajali Haina Kinga? Historia Fupi ya Uokoaji katika Maji Yaendayo Kasi

Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya na jamaa zao kuelekea harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, karibu na Mwingi, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya. Mto ulikuwa umefurika na maji yalikuwa yakipita juu ya daraja. Watu waliokuwa ukingoni waliliona basi likiingia majini, likasukumwa, likainama ubavu, kisha likazama. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Picha za video zilizosambaa siku hiyo zilionesha ukingo uliojaa watu. Hawakukosa huruma, kwa maana vilio vyao vinasikika. Hawakukosa ujasiri pia, kwa maana wapo walioingia majini na kutoka na manusura. Kilichokosekana ni kitu kisichonunuliwa kwa machozi wala kwa ujasiri, nacho ni maarifa ya namna ya kumtoa binadamu katika maji yanayokimbia, pamoja na vifaa vichache vya kuyatumia maarifa hayo.

Katika misiba ya namna hii huwa tunafarijiana kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake matangani. Lakini ukitamkwa na mwenye dhamana mbele ya kamera, hugeuka kuwa hoja ya kisiasa: kwamba lililotokea lilikuwa halizuiliki, na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Makala haya yanaupima msemo huo kwa mizani ya historia. Uokoaji katika maji una historia ndefu, na katika historia hiyo kila hatua ya maana ilipigwa pale watu walipokataa kuyaita majaaliwa mambo ambayo kwa kweli yalikuwa ni ujinga au uzembe.

Tuanzie Amsterdam, mji uliojengwa juu ya mifereji. Mwaka 1767 wakazi wake waliunda chama cha kuwaokoa waliozama. Miaka 7 baadaye, mwaka 1774, madaktari wawili, William Hawes na Thomas Cogan, waliongoza kuundwa kwa chama kama hicho jijini London, ambacho baadaye kilijulikana kama Royal Humane Society. Vyama hivi vilifundisha kwamba mtu aliyetolewa majini bila pumzi huenda bado anaweza kurudishwa. Baadhi ya mbinu zao zilikuwa na msingi, kama vile kumpasha mgonjwa joto na kumpulizia hewa mdomoni. Nyingine leo zinachekesha: walipuliza moshi wa tumbaku kwa mvukuto kupitia njia ya haja kubwa, wakiamini kwamba ungeuamsha mwili.

Hata hivyo, umuhimu wa vyama hivyo ulizidi tiba zao, kwa sababu vilielewa kwamba anayefika kwanza kwa mtu anayezama si daktari wala askari, bali ni mpita njia. Chama cha London kiliahidi malipo kwa sarafu za dhahabu zilizoitwa gini: gini 2 kwa waliojaribu kumwokoa mtu kwa bidii, gini 4 iwapo angepona, na gini 1 kwa mwenye nyumba ya vinywaji aliyekubali mwili uingizwe kwake ili jitihada zifanyike. Bila shaka walijitokeza matapeli, mmoja akijifanya kuzama na mwenzake akijifanya kumwokoa, wakagawana fedha. Chama kikaelekea zaidi kwenye medali. Tukumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia: hatua ya kwanza ya jamii inayojali uokoaji ni kumtunuku mwokoaji. Ni hatua njema, lakini ni ya kwanza tu.

Hatua ya pili ni kumlinda. Mwaka 1824 Sir William Hillary, aliyekuwa akiishi katika Kisiwa cha Man na kuziona meli zikivunjika mbele ya nyumba yake, alifanikisha kuundwa kwa taasisi ya mashua za uokoaji ambayo leo inaitwa RNLI. Nguvu yake ilitoka kwa watu wa pwani wenyewe, hususan wavuvi, waliojitolea kuingia baharini wakati wengine wote wanaikimbia. Lakini wavuvi hao nao walikufa. Mwaka 1854 mkaguzi wa taasisi hiyo, Kapteni Ward, alibuni jaketi la kuokolea lililotengenezwa kwa magamba mepesi ya mti wa koki. Tarehe 9 Februari 1861, katika mji wa Whitby, mashua ya uokoaji ilipinduka baada ya kutoka mara kadhaa kuokoa mabaharia katika dhoruba. Kati ya waokoaji 13 waliokuwamo, 12 walikufa. Aliyepona ni yule mmoja aliyekuwa amevaa jaketi hilo jipya. Wote walikuwa mashujaa, na wote waliijua bahari ile. Tofauti kati ya aliyerudi nyumbani na wale 12 haikuwa ushujaa.

Kwa zaidi ya karne moja, maarifa haya yalihusu bahari na maziwa kuliko mito. Mto uliofurika ulichukuliwa kuwa ni maji kama maji mengine, na kazi ya kuwatoa watu ndani yake ikaachiwa wazimamoto waliofundishwa kupambana na moto. Mwaka 1975, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, wazimamoto waliingia kwa mashua katika Mto Susquehanna, chini ya ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto, mfano wa mabanio yetu ya umwagiliaji. Kwa macho, mahali hapo hapatishi: maji hushuka kimo kidogo tu, na chini yake huonekana povu. Lakini maji yanayoanguka hujipinda na kurudi nyuma kuelekea ukutani, na chochote kinachoelea huvutwa, huzamishwa, huibuka na kuvutwa tena. Mashua za waokoaji zilivutwa na kupinduliwa mbele ya kamera, na wapo miongoni mwao waliokufa. Picha hizo zikawa somo katika filamu ya mafunzo ambayo jina lake kwa Kiswahili tungesema ni Mashine ya Kuzamisha. Miaka 4 baadaye, mwaka 1979, wakufunzi wa California walianzisha Rescue 3, na kozi zao za uokoaji katika maji yaendayo kasi zikasambaa katika nchi nyingi.

Walikuwa wakifundisha nini? Somo la kwanza lilikuwa kuyaheshimu maji kwa hesabu. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya mkondo ikiongezeka mara 2, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara 4. Ndiyo maana maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima yakiwa na kasi, na maji ya kina cha sentimita 60 yanaweza kulibeba gari, kwa kuwa gari nalo huelea kabla ya kuzama. Dereva anayetazama kina peke yake ameisoma nusu ya habari. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mkufunzi wa mtoni angeongeza: wala hujui kasi yake.

Somo la pili lilikuwa ngazi ya uamuzi. Mwokoaji hufundishwa kuanza na njia isiyomhatarisha, na kupanda ngazi pale tu inaposhindikana. Kwanza amwite aliye majini na kumwelekeza. Kisha anyooshe mti au fimbo. Kisha arushe kamba, ambayo hukaa ndani ya mfuko maalumu unaojifungua wenyewe ukiwa hewani. Kisha atumie mashua. Kuingia majini mwenyewe ni miongoni mwa hatua za mwisho, tena akiwa na jaketi, kofia ngumu, na wenzake waliojipanga: mmoja juu ya mto akitazama magogo yanayokuja, na wengine chini ya mto wakiwa na kamba tayari kumdaka yeyote atakayepita.

Somo la tatu linapingana na silika ya kila mmoja wetu. Aliyechukuliwa na mkondo asijaribu kusimama, kwa maana mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humlaza kifudifudi na kumshikilia hapo hapo. Alale chali, miguu ikitangulia kuelekea maji yaendako, kisha aogelee kwa mshazari kuufuata ukingo. Mwokoaji asijifunge kamba kiunoni kwa fundo la kawaida. Sisi hufanya hivyo tukidhani ni usalama, kumbe mkondo ukiikaza kamba, humzamisha aliyefungwa na waliobaki ukingoni hushindwa kumfungua. Wala kamba isikatishwe mto moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo ili watu waishike, kwa sababu katikati yake hujipinda na kuwanasa. Ivutwe kwa mshazari, ili maji yenyewe yamsukume mtu kuelekea nchi kavu. Na juu ya yote, usalama wa mwokoaji hutangulia, kisha wa wenzake, kisha wa anayeokolewa. Anayeusikia utaratibu huo kwa mara ya kwanza huuona ni wa kibinafsi, lakini mfa maji haachi kutapatapa, na anayemfikia mikono mitupu mara nyingi hufa naye.

Maarifa hayo yalikuwapo tayari wakati Los Angeles ilipopata aibu yake. Februari 1992, mvulana wa miaka 15 alichukuliwa na mafuriko ya mto wa jiji hilo, mto uliojengewa kingo za zege. Wazimamoto waliwahi mbele yake, daraja baada ya daraja, wakishusha kamba na ngazi. Alipita chini yao, kamera zikimfuata, hadi alipokufa. Jiji tajiri lenye helikopta lilishindwa kumtoa mtoto mmoja kutoka katika mto unaopita katikati yake. Baada ya hapo idara zilizokuwa zikifanya kazi kila moja peke yake ziliunda mpango mmoja, na timu zenye mafunzo zikaanza kupangwa kandokando ya mto kabla mvua haijanyesha, badala ya kuitwa mtu akiwa tayari majini.

Uingereza nayo ilihitaji msiba ili iulize swali la wajibu. Mafuriko ya Juni na Julai 2007 yaliua watu 13 na kuingia katika nyumba na majengo yapatayo 55,000. Tume ya Sir Michael Pitt, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008 ikiwa na mapendekezo 92, iligundua kwamba haikuwa wazi ni chombo gani hasa chenye dhamana ya kuwaokoa watu katika mafuriko. Wazimamoto walikuwapo, polisi walikuwapo, watu wa kujitolea walikuwapo, ila jukumu lilikuwa la kila mtu, yaani si la mtu yeyote. Pitt akapendekeza uwezo wa kitaifa wa uokoaji wa mafuriko, wenye fedha kamili, ukiongozwa na wazimamoto, na ikibidi ulindwe na sheria.

Msomaji anaweza kusema kwamba hizo ni habari za nchi zenye fedha. Basi tushuke kusini kwa jirani yetu, Msumbiji. Mwanzoni mwa mwaka 2000, mito ya Limpopo na Save ilifurika kwa kiwango ambacho wazee hawakukikumbuka, na watu wapatao 700 walikufa. Dunia ilizikumbuka helikopta za Afrika Kusini, na mwanamke aliyejifungua mtoto juu ya mti. Helikopta hizo ziliokoa maelfu ya watu na zinastahili heshima. Lakini kati ya watu zaidi ya 45,000 waliookolewa, wengi zaidi waliokolewa kwa mashua, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Wamsumbiji wenyewe. Somo hilo halikupotea. Katika miaka iliyofuata Msumbiji ilijenga kamati za maafa vijijini kandokando ya mito, zenye watu waliofundishwa kufuatilia vipimo vya maji, kutoa tahadhari, kuhamisha watu na kuwaokoa waliokwama. Bonde la Zambezi lilipofurika mwaka 2007, vifo vilihesabiwa kwa makumi, si kwa mamia. Kimbunga Idai cha mwaka 2019 kilionesha kwamba kazi bado ni kubwa, kwa kuwa kiliua mamia ya watu nchini humo. Hata hivyo, hoja ya mwaka 2007 inasimama: nchi maskini ilipunguza vifo kwa kuwekeza kwa watu walio karibu na maji.

Na sisi Tanzania? Historia yetu imeandikwa zaidi ziwani kuliko mtoni, lakini somo ni lile lile. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Ilibaki ikielea chali kwa muda, na ndani yake walikuwamo watu walio hai. Katika juhudi za kuwatoa, ubavu wa meli ulitobolewa. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, na meli ikazama pamoja nao. Waliotoboa hawakuwa wakatili. Walitaka kuokoa, na hawakuwa wamepewa elimu ya kazi waliyojikuta wakiifanya. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimkuta mtu akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, amejihifadhi palipobaki hewa. Mtu huyo mmoja anatosha kutuuliza: je, alikuwa peke yake tangu mwanzo?

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 iliangukia ziwani, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakanusurika, na waliowafikia kwanza ni wavuvi wenye mitumbwi na makasia. Taifa liliwashangilia. Kijana mmoja miongoni mwao alipewa fedha na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa haki yake. Lakini aliyesoma historia ya London ataitambua hatua hiyo mara moja: tumetoa gini zetu na medali zetu. Mwaka 1774 hiyo ilikuwa fikra mpya. Kwetu imekuwa kituo tunachokirudia kila baada ya msiba bila kusonga mbele. Tunamtunuku mvuvi baada ya kuokoa, ilhali hatukumfundisha wala kumpa jaketi kabla.

Tena ziwa, pamoja na ukali wake, si mto. Mvuvi hodari wa Ziwa Victoria au wa Bahari ya Hindi akiingizwa katika Msimbazi uliofurika, kati ya nguzo za daraja, magogo na mabati, umahiri wake hautamtosha, kama vile umahiri wa wazimamoto wa Binghamton haukuwatosha. Na mito ndiyo inayotuua sasa kwa wingi. Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155. Mwezi huo huo, jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji katika korongo, na wanafunzi wakapoteza maisha. Kenya ilipoteza karibu watu 300 katika mafuriko ya mwaka huo.

Hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka 2007, na neno uokoaji limo ndani ya jina lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi za chini za utawala. Swali ni la nafsi na mali: katika kijiji kilicho kando ya mto, ni nani kwa jina lake amefundishwa kurusha kamba? Kamba hiyo imehifadhiwa wapi? Ufunguo wa chumba hicho anao nani saa nane za usiku, mvua ikinyesha?

Zipo hoja mbili za kupinga, na zote ni nzito. Ya kwanza ni kwamba kumpa raia mafunzo ya siku chache ni kumtuma akafe. Jibu lake ni kwamba raia huyo ataingia majini hata asipofundishwa, kwa kuwa anayezama ni mtoto wa jirani yake. Mafunzo ya awali humfundisha hasa kutoingia: kurusha, kunyoosha, kuelekeza, kufunga njia kabla basi halijafika mtoni. Hoja ya pili ni kwamba serikali itajificha nyuma ya wananchi na kusema, si mmeshafundishwa? Hatari hiyo ipo, na ni ya kisiasa kweli. Lakini Msumbiji haikuvunja vikosi vyake ilipounda kamati za vijiji, na mashua za wavuvi wa Uingereza hazikuiondolea serikali yao jukumu ambalo Pitt aliliandika waziwazi. Mwananchi ashike dakika 15 za mwanzo, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuwapo. Serikali ishike yote yanayofuata, na igharamie pia hizo dakika 15.

Gharama yenyewe haitishi. Wachimba mchanga, wavuvi wa mtoni, waendesha bodaboda wanaovusha watu, makondakta, walimu wa shule zilizo kando ya makorongo: hawa wanajulikana kwa majina katika kila mtaa. Mifuko ya kamba hushonwa na fundi wa kawaida akipewa kamba inayoelea. Wakufunzi wangeweza kutoka Zimamoto, na katika Zanzibar kutoka KMKM, wakifundisha kiangazi, mto ukiwa na maji ya kuchezea, si masika ukiwa umekasirika. Na katika kila drifti, nguzo iliyopakwa rangi inayomwambia dereva lini asimame ni kazi ya mchana mmoja.

Turudi Enziu. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kingebadilika iwapo kati ya mamia ya watu waliosimama ukingoni wangekuwapo 10 waliofundishwa. Huenda mmoja wao angesimama barabarani na kulizuia basi. Asipolizuia, 4 wangeshuka chini ya mto na mifuko ya kamba kabla basi halijalala. Hawangewatoa wote. Lakini idadi ya majeneza ingepungua, na kwa kila jeneza lililopungua kuna mtu ambaye jioni ile angefika harusini akiwa amelowa, akitetemeka, na akiwa na la kusimulia.